Nakala Sitini

Walikuja Jumanne, wawili, na kanda moja mfukoni
na swali ambalo sijawahi kuulizwa Barabara ya Kirinyaga:
"Mama, unaweza kututengenezea jalada
linalofunguka polepole?"

Mimi huchapa kadi za harusi.
Huchapa ratiba za mazishi, kurasa nane, picha ya marehemu mbele,
na zote huwa zinahitajika jana.
Hakuna aliyewahi kunilipa nichelewe.

Wesonga ndiye aliyesema. Kavutha alinyamaza,
akapapasa karatasi zangu rafuni
kama achaguaye parachichi: kidole gumba tu, bila kuumiza.
Lebo yao inaitwa Fyuzi.
Makao makuu: chumba cha kulala, Umoja, ghorofa ya tano,
kitanda kimesimamishwa ukutani ili spika zipate nafasi.

Muziki gani huu? nikauliza. Wakaniwekea.
Transfoma ikinguruma.
Friji ikikata roho.
Kitu kama mchele unaopepetwa ndani ya redio.
Nikangoja ngoma ianze.
Dakika kumi na moja nikangoja.
Musembi, kijana wangu wa kazi, akainuka
akaenda kukagua soketi.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, sawa.
Na hiki kisichojiuza wala kujitembeza,
kinachotaka kuvishwa tu
kikae ndani ya nguo yake?

Tulijaribu kaki nzito: ikapasuka kwenye mkunjo.
Mifuko ya saruji: hata baada ya kuikung'uta mara tatu
vumbi likaingia kwenye utepe.
Wesonga akasema vumbi ni zuri, ni sauti pia.
Nikamwambia vumbi ni vumbi.

Wiki ya tatu Kavutha akaja peke yake
na karatasi ndefu iliyoviringishwa kama mkeka.
Akaitandaza mezani, tukaibana pembe kwa makopo ya wino.
Mchoro wa nyaya. Mtaa mzima kwa penseli na wino wa buluu,
kila nyumba, kila swichi, kila nguzo na namba yake.
"Ikate," akasema. "Vipande sitini."

Pembeni, chini, palikuwa na sahihi:
N. Mbithi, fundi umeme.

Jina hilo nalijua.
Mwaka jana, usiku mmoja, nakala mia tatu, mteja kasimama mlangoni,
nililichapa Mbiti.
Ukurasa wa tatu, juu ya wasifu wake, na tena chini ya picha.
Watu walizikwa na makosa yangu mengi,
na kwa kuwa waombolezaji hawarudishi bidhaa
nilikuwa nimeshaacha kuyahesabu.

Nilimtazama. Alikuwa akinyoosha kona ya karatasi kwa kiganja.
"Safari hii," akasema, "hatuna haraka."

Sikutumia mashine.
Nilikata kwa wembe na rula ya chuma,
siku nne, simu nimeizima, bwana harusi mmoja akanitukana.
Mikunjo mitatu kwa kila jalada, hakuna gundi,
uzi wa katani unaofunguliwa kwa kucha,
na ndani, mahali ambapo macho hufika mwisho,
jina la baba yake, herufi kwa herufi,
kwa zile chapa za risasi nilizorithi na sikuwahi kuzitumia.
Niliikagua ile h mara sitini.

Hakuna majalada mawili yanayofanana.
Anayetaka kuuona mtaa wote
itabidi awaite wenzake hamsini na tisa,
na wengine, nasikia, wako ng'ambo.
Hadi sasa zimeuzwa thelathini na nne.
Wesonga anasema hayo ni mafanikio. Sijui hesabu yake.

Yangu ni namba kumi na saba.
Ina nusu ya jiko la mtu, taa moja ya nje,
na waya unaokimbia hadi ukingoni, unakatika.
Sina mashine ya kuchezea kanda.
Jioni, Musembi akishafagia vipande,
huifungua tu. Huchukua muda.
Kisha naifunga.